Kabazi: zulia huanzia mgongoni mwa kondoo

Sufu mbichi hunuka. Hunuka mafuta, mkojo, majani makavu na mvua ya juzi, na harufu hiyo hukushika nguo kabla hujakaribishwa kiti. Karakana niliyokwenda kuitembelea Kabazi haina kibao wala geti. Ni banda la mbao na mabati nyuma ya nyumba ya mawe, limezungukwa na mahindi, na mwendesha boda aliyenipeleka alinishusha kwenye kona akasema tu, "Fuata pua, utafika."

Ndani, magunia yalikuwa yamemwagwa juu ya turubai. Kina mama wanne walikaa kulizunguka wakichambua: huku miiba, huku vinyesi vilivyokauka, huku mbegu za kishonanguo, ambazo zinajua kujificha ndani ya manyoya kuliko chawa. Manyoya ya tumboni na ya mapajani yalitupwa kando. Ya mabegani na ya ubavuni yaliwekwa kikapuni kwa adabu. Mwenye karakana, ambaye hapo humwita Mama hata walio na umri wake, alinipa konzi moja nishike. Nilipoirudisha, viganja vyangu vilikuwa vimelainika. "Hiyo ni lanolini," akasema. "Huko Nakuru mnauziwa kwenye chupa. Sisi hapa tunaiosha na kuimwaga."

Kabazi ni wadi ya Subukia, kaunti ya Nakuru. Ukitoka mjini unapanda matatu za Bahati na Nyahururu, unapita Maili Kumi, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyojuta kuacha sweta nyumbani. Upande mmoja kuna Solai, upande mwingine bonde la Subukia, na ikweta haiko mbali. Watu hapa hulima mahindi, maharagwe, nyanya, kahawa na parachichi, na karibu kila boma lina ng'ombe wa maziwa. Kondoo ni mali ya pembeni. Hufungwa kamba kandokando ya barabara wakala majani ya mtaroni. Ukitaka makundi ya kondoo wa manyoya ni lazima upande zaidi, hadi Ol Kalou na Kinangop kule Nyandarua, au uvuke bonde uende Molo, Kuresoi na Mau Narok, kwenye baridi inayomfanya kondoo ayahitaji manyoya yake. Kwa hiyo watu wa karakana hii wakisema sufu yao ni ya hapahapa, wana maana ya sufu ambayo mtu anaweza kuifuata kwa matatu asubuhi na kurudi nayo nyumbani kabla ya giza. Nimesikia vipimo vingi vya "bidhaa ya nyumbani" katika semina za mahotelini. Hiki nakiona bora.

Kabla ya kupima uzito wa gunia, Mama hupima njaa. Alichomoa shungi moja la sufu, akalikamata ncha zote mbili, akalisogeza sikioni pangu na kulivuta kwa ghafla. Likalia ta! likabaki zima. La pili, kutoka gunia jingine, likakatika katikati bila kelele. "Huyu alishinda njaa Februari," akasema. Unywele wa kondoo huota polepole mwaka mzima, na kipindi ambacho mnyama amekosa malisho au ameugua huota mwembamba. Hapo pembamba ndipo uzi utakapokatikia, iwe kwenye gurudumu la kusokotea au, vibaya zaidi, miaka kadhaa baadaye chini ya mguu wa meza ya mteja. Sufu ya namna hiyo haitupwi, ila haisokotwi pia. Huishia ndani ya mito.

Njaa ya kondoo katika sehemu hizi ina historia yake. Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, aliagiza kondoo wa Merino kutoka New Zealand ili auze sufu Uingereza. Nyasi zilikuwa nyingi, na kondoo wakakonda na kufa katikati ya nyasi hizo. Wamaasai wenyewe walikuwa hawayaamini malisho yale. Maradhi ya kukonda yaliyokumba mifugo ya eneo hili walowezi waliyapa jina la mji: Nakuruitis. Ilichukua miaka mingi kufahamika kwamba udongo una upungufu wa madini ya kobalti, na bila kobalti vijidudu vya tumboni mwa kondoo haviwezi kutengeneza vitamini B12. Mnyama hushiba na bado anakufa. Delamere aliishia kuhamishia kondoo wake Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita. Siku hizi mfugaji hununua chumvi ya madini yenye kobalti kwenye duka la dawa za mifugo, na asiyeinunua, shungi la Mama litamsema.

Kinachonichekesha ni kwamba Merino wale, hata wangepona wote, wasingefaa kwa zulia. Sufu ya Merino ni laini mno, nywele zake aghalabu ziko chini ya maikroni 24. Ni ya shali na suti. Ukiifanya zulia na kuikanyaga mwaka mmoja, italala chini na kukataa kuinuka. Zulia linataka nywele nene, zaidi ya maikroni 30, zenye ukaidi, zikikanyagwa ziinuke tena. Kondoo wa nywele hizo ni Romney, au Lincoln, au Corriedale aliyezeeka kidogo, au yule chotara asiye na jina anayelishwa kandokando ya barabara ya Subukia. Namibia imejenga sifa ya mazulia yake kwa sufu ngumu ya Karakul, na Ethiopia husokota ya kondoo wadogo wa Menz kule nyanda za juu. Sufu ambayo fundi wa sweta huirudisha ikimwasha shingoni ndiyo fundi wa zulia anayoitafuta.

Na ndiyo iliyokuwa ikichomwa moto kwa kukosa mnunuzi. Wazee wa Molo watakusimulia enzi za kuuza sufu kwa gredi, na kila nyumba ya umri fulani katika nchi hii inalikumbuka blanketi la Raymond lililotoka kiwandani Eldoret. Kisha mambo yakafuatana. Februari 1991 Australia, mfalme wa sufu duniani, iliacha mpango wake wa kuilinda bei, huku maghala yake yakiwa na marobota zaidi ya milioni 4 yasiyo na mnunuzi. Bei ikaporomoka dunia nzima. Miaka hiyohiyo Kenya ikafungua soko lake, mitumba ikamiminika, na sweta za shule zikawa za nyuzi za akriliki ambazo hazijawahi kumwona kondoo. Kuna waliong'ang'ana: Nanyuki Spinners and Weavers, kina mama wanaosokota na kufuma tangu miaka ya 1970, na Kenana Knitters wa Njoro, wanaofuma kwa sindano wanasesere na kofia. Lakini mfugaji wa kawaida alifanya hesabu yake. Akaleta dume la Dorper, kondoo wa Afrika Kusini aliyezalishwa kwa ajili ya nyama, mwenye nywele fupi ambazo humpukutika mwenyewe bila mkasi. Vizazi vichache tu, na kundi zima halina cha kunyolewa.

Mimi siwalaumu. Kumnyoa kondoo kwa mkono kunataka watu wawili na subira, na kilo mbili au tatu za sufu atakazotoa kwa mwaka hazimlipi mnyoaji wala nauli ya kuzifikisha mjini. Kilo mbili za nyama haziulizi maswali. Wanaoandika kwamba mkulima "hajui thamani ya sufu" wangempelekea hiyo thamani kwanza ikiwa noti mkononi.

Kazi ya kwanza ya karakana ni maji. Sufu huloweshwa katika mapipa ya maji moto na sabuni, maji ambayo mkono unayavumilia kwa shida, na haisuguliwi wala haikamuliwi. Huzamishwa kwa fimbo, huachwa, huinuliwa taratibu na kuwekwa kwenye maji mengine ya joto lilelile. Ukiihamisha ghafla kutoka moto kwenda baridi, au ukiifikicha kama soksi, magamba madogo ya kila unywele hushikana na gunia zima linakuwa bamba moja gumu. Nilionyeshwa bamba hilo. Sasa ni kiti cha paka. Kuosha peke yake huondoa theluthi au zaidi ya uzito, na kuchana huondoa mwingine. Kwa hesabu ya pale, zulia la mita 1.2 kwa 1.8 linataka kilo nne hadi tano za uzi, na ili uzipate uanze na kilo nane hivi za sufu mbichi. Kondoo watatu, wanne. Maji hutoka kwenye matangi yanayokinga mvua ya paa. Niliuliza kwa nini wasichimbe bwawa dogo huko mteremkoni, na maongezi yakafa kidogo. Solai iko hapo chini tu, ambako bwawa la Patel lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018 na kuua watu zaidi ya 40. "Matangi yanatosha," mmoja akanijibu.

Baada ya kuoshwa na kukaushwa kivulini, sufu huchanwa kwa vichanio viwili vya mbao vyenye meno ya waya, kisha husokotwa. Magurudumu ya kusokotea ni rimu za baiskeli. Msokotaji mkuu ni bibi mmoja ambaye vijana humwita Shosho, na anasokota akizungumza, akikemea kuku, akipokea simu, bila kuutazama uzi hata mara moja. Uzi wake hauko sawasawa. Una vinundu, hunenepa na kupungua. Nilidhani ni dosari ya mkono uliozeeka hadi mchoraji aliponikalisha chini.

Huyo mchoraji ni binti wa miaka ishirini na kitu, mpole wa sauti na mkali wa maoni. Kazi yake ni kubuni mazulia, na nilitarajia kumkuta na karatasi na kalamu za rangi. Nilimkuta amesimama mlangoni akitazama misumari. Ukuta wa karakana unaokabili mlango umepigiliwa misumari mirefu, na kila msumari umetundikwa vifundo vya uzi: mweupe wa maziwa, mweupe wa vumbi, kijivu aina tatu, kahawia, mweusi unaogeuka wekundu kwenye ncha kwa kuchomwa na jua kondoo akiwa hai. Alikuwa amekunja macho. Alisogea nyuma hadi kwenye mahindi, akarudi, akabadilisha vifundo viwili, akarudi tena kwenye mahindi.

"Shikamoo, binti, unachora saa ngapi?" nilimtania, naye akaitikia kwa kucheka maana nilikuwa nimepindua salamu.

"Kwanza nahesabu," akasema. "Mweusi uliopo ni wa kondoo wawili. Kilo moja na robo, baada ya kuoshwa. Nikichora mstari mweusi mpana nitaishiwa katikati ya zulia, na kondoo hanyolewi mara mbili kwa mwaka kwa sababu mimi nimekosea." Kwa hiyo katika mazulia yake mweusi ni mstari mwembamba au vipande vya pembeni. Kijivu ndicho hutawala, kwa sababu kijivu kiko. Nimezungumza na wabunifu wengi wa Nairobi wanaoanza na wazo kisha wakatuma mtu kutafuta malighafi. Sijawahi kukutana na aliyeanza na mizani.

Mweusi huo una kisa. Katika biashara ya sufu ya dunia kondoo mweusi ni hasara. Manyoya yake hayapokei rangi, na nywele zake chache zikichanganyika na nyeupe zinaharibu robota zima, kwa hiyo kwa miaka wafugaji wa sufu waliwachinja wanakondoo weusi mapema. Kwa fundi wa zulia kondoo huyo ni dhahabu. Rangi yake haitoki kwa kufuliwa, haiombi kuni wala dawa, na inavumilia jua kuliko nyingi za kuchemsha.

Penye kuhitaji rangi nyingine, rangi iko shambani. Lile gugu refu lenye harufu kali linalovamia mashamba ya mahindi baada ya mavuno, ambalo Wakikuyu huliita mubangi, hutoa manjano iliyokolea. Huchumwa likiwa na maua, huchemshwa kwa uzito ulio sawa na wa uzi, na uzi wenyewe hutangulizwa kwenye maji ya shabu ili rangi ipate pa kushika. Ukitia misumari yenye kutu katika sufuria ileile, manjano hugeuka kijani cha zeituni. Kokwa na maganda ya parachichi, ambayo Kabazi hayana bei, hutoa waridi iliyofifia kama ukuta wa zamani uliopakwa chokaa. Gome la mti wa muthanduku hutoa kahawia. Maganda ya vitunguu hukusanywa kutoka vibanda vya chakula, kwa maelewano. Manjano ya jikoni, bizari, mchoraji haitaki hata kuisikia: siku ya kwanza inang'aa, na baada ya miezi kadhaa dirishani imeondoka. Kuna bati juu ya paa la choo lenye vipande vya uzi vilivyofunikwa nusu kwa kadibodi na jiwe. Hapo ndipo kila rangi hufanyiwa mtihani, nusu kwenye jua la ikweta na nusu gizani, na isiyofaulu haiingii karakana.

Bado hakuna sufuria mbili zinazotoa rangi moja. Mvua ikichelewa mubangi unakuwa na nguvu, ikizidi unakuwa maji. Kwa hiyo ndani ya uga mmoja wa manjano utaona mikanda, mmoja umeiva zaidi ya mwingine, na hapo ndipo vinundu vya Shosho vinapoingia kazini. Uzi wa kiwandani, ulionyooka sawasawa, ungeuonyesha kila mkanda kama kiraka. Uzi usio sawa unaumeza. Jicho linashughulika na vinundu na kusahau mpaka. Mchoraji hupanga mikanda hiyo makusudi. Huanza na sufuria iliyofifia chini, akachanganya nyuzi za sufuria mbili katikati, akamaliza na iliyokolea juu. Mazulia ya kale ya Uajemi yana mikanda ya aina hiyohiyo na wauzaji huisifu kwa wateja. Sioni kwa nini yetu iombewe radhi.

Karatasi huja mwisho, nayo ni karatasi ya miraba kutoka daftari la hesabu. Mraba mmoja ni nyuzi mbili za mtande kwa upana. Mtande, zile nyuzi zinazosimama wima, ni wa pamba iliyosokotwa kwa nguvu, kwa sababu sufu huvutika na zulia lingepinda. Mshindio, uzi unaopitishwa kati yake, ndio sufu, nao huufunika mtande wote usionekane. Kwa uzi mnene kama huu, alama ndogo kuliko zote unayoweza kufuma ina upana wa kidole. Hakuna duara. Kuna ngazi zinazojifanya duara. Mstari wa mshazari ni ngazi pia, na ukisimamisha mpaka wa rangi mbili wima kwa muda mrefu, unabaki mwanya ambao kidole cha mguu cha mtoto kitauona kabla yako. Kwa hiyo mipaka husogezwa uzi mmoja kushoto, mmoja kulia, au rangi mbili huungana kwa kukumbatiana. Haya yote mchoraji anayajua kwa sababu alifuma kabla ya kuruhusiwa kuchora. Ndiyo sheria ya karakana, na kama ningekuwa na chuo ningeiiba.

Sasa twiga. Wateja wanataka twiga. Wanataka tembo, pundamilia, mwezi nyuma ya mgunga, na anayelipa ana haki ya kutaka. Lakini twiga wa zulia la kufuma huniudhi tangu zamani na sasa nimeelewa sababu: shingo yake ina ngazi. Uzi unakataa shingo, na msanii anaulazimisha. Katika ukurasa mmoja wa daftari la mchoraji niliona twiga aliyefutwa akafutwa tena hadi karatasi ikatoboka. Ukurasa unaofuata ulikuwa na mistari tu, vipande virefu vya upana tofauti, vilivyokatwa na mstari mwembamba mweusi ukipanda ngazi kwa ngazi.

"Hii ni nini?"

"Si umepita barabarani? Ni Subukia."

Na kweli. Ukitazama bonde lile baada ya mavuno, kutoka juu ambako barabara inaanza kuteremka, huoni miti wala nyumba. Unaona mashamba yaliyogawanywa urithi hadi yakawa riboni: la huyu limelimwa, la yule lina mabua makavu, la tatu ni majani ya ng'ombe, na kati yao makinga ya kuzuia udongo yanayokata mteremko. Kijivu, kahawia, manjano ya mubangi, kijani cha msumari wenye kutu. Hakuna kilicholazimishwa. Zulia hilo lilikuwa limeshafika nusu kwenye kitanda cha kufumia.

Kitanda hicho ni cha kusimama, mbao nene na mabomba mawili ya chuma juu na chini. Mbele yake walikaa fundi na shemeji yake, bega kwa bega kwenye benchi moja. Kila mmoja hupitisha uzi kati ya nyuzi za mtande kwa vidole, bila kuuvuta unyooke. Huuacha upinde kidogo, kisha huupiga chini kwa kitana kizito cha chuma. Usipoupinda, kingo za zulia huvutwa ndani kidogokidogo na kufikia katikati una zulia lenye kiuno. Ndiyo maana kuna ufito umening'inizwa kwenye kitanda, umekatwa kwa upana kamili, na kila baada ya muda hupimwa nao. Fundi ana mkono mzito, shemeji ana mkono mwepesi. Upande wa fundi husongamana na kubaki chini, wa shemeji hupanda haraka. Hawagombani juu ya hilo. Kila baada ya chai hubadilishana nafasi.

Chai tulinyweshwa sebuleni, katika nyumba ya mawe. Sakafuni kulikuwa na kapeti nene ya manyoya ya plastiki, ile ya "flafi", rangi ya zambarau, inayotoka viwandani ng'ambo na kuuzwa Nakuru kila mtaa. Mama aliona ninavyoiangalia. "Mwanangu, hili la kule bandani siwezi kulinunua," akasema, na mimi nikashukuru kwamba hakujidai. Mazulia yao huenda Nairobi, mengine kwenye kambi za watalii Naivasha na Nanyuki. Kufuma moja la ukubwa wa kawaida huchukua wiki kadhaa za watu wawili, ukiacha kusokota, na kusokota ndiko kunakomeza muda kuliko yote. Hakuna hesabu itakayolifanya zulia hilo lishindane na flafi, na nadhani halina sababu ya kushindana. Shida yao haiko sokoni kwa sasa. Oda wanazo. Iko Nyandarua na Molo, kwenye mazizi, ambako kila dume la Dorper linaloshushwa kutoka kwenye pikapu linapunguza gunia moja la mwaka kesho kutwa.

Mmoja wa wanaowauzia sufu alifika tukiwa bado na vikombe mikononi. Mzee wa makamo, koti refu, gumbuti zenye tope, alikuwa ameshuka kutoka upande wa Nyandarua na magunia mawili juu ya boda. Salamu zilikuwa ndefu: mvua huko, viazi, mtoto aliye chuoni. Kisha magunia yakatundikwa kwenye mizani ya kuning'iniza, na Mama akaingiza mkono hadi begani, chini kabisa, ambako watu huficha manyoya yaliyolowa ili yaongeze kilo. Hakukuwa na maji. Kulikuwa na mchanga, akautoa konzi moja na kuumwaga mezani mbele ya mzee bila neno. Mzee akacheka. Wakakata nusu kilo.

Gunia la pili lilikuwa la kondoo jike mweusi. Mchoraji alitoka bandani kabla ya kuitwa. Alifungua shungi, akalitazama kwenye jua, akalivuta sikioni, ta!

"Huyu yuko?" aliuliza. "Bado yuko, baba?"

"Yuko. Lakini mwezi ujao namletea dume la jirani, Dorper. Nyama inalipa, binti yangu, mimi sitakudanganya."

Hapo Mama aliingilia, na sikusikia neno lolote juu ya urithi, utamaduni au mazingira. Aliuliza mwanakondoo wa Dorper akifika miezi sita anauzwa kiasi gani huko kwao. Mzee akataja. Akauliza huyu jike mweusi akipandishwa na dume wa manyoya, mwanakondoo wake anapoteza kiasi gani. Mzee akafikiri, akataja kidogo kuliko nilivyotegemea. Mama akasema tofauti hiyo ataibeba yeye, nusu leo na nusu siku ya kunyoa, na mwanakondoo akizaliwa mweusi anamnunua akiwa hai. Mzee alitaka yote leo. Mama alikataa. Mzee akasimama, akavaa kofia, akavua kofia, akasema dume wa manyoya hayuko karibu, aliye karibu ni wa shemeji yake Ol Kalou na shemeji mwenyewe ana maneno.

"Mimi nitampigia," akasema Mama. "Nipe namba."

Mtandao ulikuwa chini. Ilibidi watu wote watatu, mzee, Mama na mchoraji, watoke hadi kwenye kijinjia cha parachichi ambako simu hushika, na huko wakasimama wakibishana juu ya gharama ya kusafirisha dume kwa pikapu kutoka Ol Kalou, huku fundi na shemeji yake wakibadilishana nafasi kwenye benchi na kuendelea kupiga kitana. Pesa zilipoingia kwa M-Pesa mzee alizisoma mara mbili, akaitazama saa, akaomba risiti ya karatasi pia.